Hatua za Kutoka

Moto wa kuni busta, ule mtungi wa kupashia maji ya nyumba kwa kuni, hauzimwi kwa swichi. Mwenye nyumba wa Kitengela akishapata maji yake ya kuoga anaweza kuzivuta kuni nje, akazimwagia maji, akafunga na mlango wa jiko, lakini chuma kilichoizunguka dohani kimekwisha kushiba, na kitaendelea kuyachemsha maji mpaka kitakapochoka chenyewe. Ndiyo sababu katika busta kuna bomba moja ambalo sikubali kulifungia valvu, hata mteja akasirike vipi: lile linalopanda kutoka kichwani mwa mtungi, likapita juu ya tangi la maji baridi, likaachwa mdomo wazi. Maji yakipashwa kutoka ubaridi hadi kuchemka huongezeka kwa takriban asilimia 4. Yakigeuka mvuke hudai nafasi zaidi ya mara 1,600. Na huku bara, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, huchemka karibu na digrii 95, mapema kuliko kule kwetu Lamu. Nafasi hiyo yasipopewa juu, yataichukua ubavuni, pamoja na ukuta wa jikoni.

Wateja hawapendi bomba lile. Asubuhi za Julai, baridi ikiwa imelala juu ya nyanda za Athi, wanalitazama likitema maji ya moto juu ya paa na wanahesabu hasara. Maji ya Kitengela ni ya kununuliwa kwa bouza au ya kuvutwa kisimani kwa bili ya stima, kwa hiyo nawaelewa. Ni vivyo hivyo kwa sola zilizojaa juu ya mapaa ya Milimani, Acacia na Yukos. Sola nyingi za majumbani hazina pampu: maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda yenyewe kwenye tangi, na yale baridi huteremka kushika nafasi. Familia ikifunga safari ya Desemba kwenda kwao, jua halifungi safari. Tangi huchemka nyumba ikiwa tupu, na sefti valvu hufunguka maji yakikaribia digrii 99, ikamwaga. Maji ya visima vya huku yana chumvi nyingi. Chumvi huganda kwenye kiti cha valvu, valvu ikaanza kuvuja tone kwa tone, na mwenye nyumba akamwita fundi aje aizibe kwa plagi. Wapo wanaoiziba. Mimi huwaambia kwamba matone yale ndiyo ushahidi wa pekee kwamba kitu kile kingali hai, nikawawekea mpya.

Jambo hili la joto linalobaki nilikuja kulielewa vizuri zaidi kwa binamu yangu, anayefunga boila za gesi Leicester. Kule nyumba nzima hupashwa kwa maji yanayozunguka kwenye mabomba na rejeta za ukutani. Chumba kikishapata joto la kutosha, thamostati hutoa amri na moto wa gesi hukatika papo hapo. Pampu, akaniambia, haikatiki. Huendelea kuzungusha maji kwa dakika kadhaa bila moto wowote chini yake, kwa sababu ndani ya boila kuna kipande cha chuma chenye njia nyembamba za maji, na chuma hicho bado ni cha moto kupita kiasi. Maji yakisimama mle yatachemka, yatagonga kama nyundo, na swichi ya usalama itaruka. Basi boila hupewa nyaya mbili za umeme. Mmoja uko chini ya amri ya thamostati: huwaka na kuzimwa nayo. Wa pili uko hai daima, haujui habari ya chumba wala ya baridi, na huo ndio unaoilisha pampu baada ya moto kufa. Fundi mvivu akiunganisha kila kitu kwenye waya mmoja, moto na pampu hufa pamoja, na hapo ndipo madhara huanza.

Kuna na jambo la pili. Amri ile ile iliyozima moto mara nyingi huwa imezifunga pia valvu za umeme zinazopeleka maji vyumbani. Pampu ingebaki inasukuma milango iliyofungwa. Kwa hiyo huwekwa bomba fupi la kando lenye valvu ya springi: msukumo ukizidi, springi husalimu amri, maji hupata pa kuzungukia.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu yamenisaidia katika swali ambalo si la mabomba, nililoulizwa na mteja wangu mmoja kwenye kiwanja chake kando ya barabara ya kwenda Isinya. Nilikuwa nimepanda mnara wa tangi lake, naye amesimama chini. Mtu huyu, Mwislamu, mtu wa sala, alinunua kiwanja miaka kadhaa nyuma, na alipozungushia ua, ua ulivuka bikoni ukaingia kwa jirani. Alijua tangu siku ya kwanza. Ukanda ule si mpana, lakini ndani yake alijenga mnara wa tangi, akaweka busta, akachimba na shimo la choo. Jirani ni mzee wa Kimaasai ambaye ng'ombe wake walikuwa wakipita papo hapo kwenda kunywa, na tangu ua usimame wamekuwa wakizunguka mbali. Mwaka huu, baada ya Ramadhani, mteja wangu alitubu kweli. Sina shaka na kutubu kwake; niliyaona macho yake.

“Fundi,” akaniuliza, “nimeacha. Nimemwomba Mungu, nimenuia kurudisha. Lakini mnara haubomoki leo wala kesho, nina watoto humu ndani. Kila alfajiri natawadha kwa maji yanayoshuka kutoka mnara huu. Je, natawadha ndani ya dhambi?”

Nilimwomba anipe siku, kwa sababu nilikumbuka kwamba nimewahi kulisikia swali hili likisomeshwa, nikiwa kijana, kwenye darasa la baada ya magharibi. Ni swali la zamani katika elimu ya misingi ya sheria, nalo liliwekwa hivi: mtu amevamia shamba la mwenzake kwa kusudi, na amefika katikati. Pale pale anajuta, anatubu, anageuka kutoka. Hapana njia ya kutoka isipokuwa kukanyaga shamba lile lile. Je, hatua zake za kutoka ni utiifu au ni maasi?

Abu Hashim al-Jubbai, Mmu'tazila aliyefariki mwaka 933, alisema ni mwasi akikaa na ni mwasi akitoka. Amejitia mwenyewe mahali ambapo kila kitendo chake kimekatazwa. Wanazuoni wengi walimpinga. Wakasema kutoka ni wajibu, na wajibu hauwi dhambi. Kati yao akasimama Imamu al-Juwayni, aliyesomesha Makka na Madina hadi akaitwa Imamu wa Haramu Mbili, naye alifariki mwaka 1085. Yeye alisema neno ambalo wengi waliliona gumu: mtu huyu hakatazwi tena, kwa maana ameamrishwa kutoka na anatoka, lakini hukumu ya maasi ingali inamfuata mpaka mguu wake wa mwisho utoke nje ya mpaka. Mwanafunzi wake al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, hakukubali. Maasi bila katazo hayaeleweki, alisema. Na mtu akimwambia kwamba yule anayetoka atalipa alichoharibu kwa miguu yake, hivyo ni mkosaji, jibu lake ni kwamba kulipa si dalili ya dhambi: mwenye njaa ya kufa hula chakula cha mwenziwe kwa amri ya sheria, na bado hulipa.

Nimekaa na watu hawa watatu kwa miezi. Abu Hashim namwacha. Mola anayemwambia mja “toka” kisha akamwadhibu kwa kila hatua ya kutoka hafanani na Mola ninayemwabudu. Juu ya dhambi yenyewe nasimama na Ghazali, na ndivyo nilivyomjibu mteja wangu: atawadhe. Wanazuoni wetu wa Kishafi wanaona sala iliyosaliwa kwenye ardhi ya kupora inaswihi ingawa kupora ni haramu, wakati mashuhuri kwa Wahanbali ni kwamba haiswihi. Sikuwa na haki ya kumtia wasiwasi zaidi ya huo alionao.

Lakini moyo wangu haumwachi Juwayni. Naona aliona kitu ambacho hoja ya mwanafunzi wake, pamoja na usahihi wake wote, inakipita. Ghazali alimtazama yule anayetembea: nia yake imegeuka, uso wake umeelekea nje, amri ameitii. Juwayni alilitazama shamba. Shamba halijui nia. Mche unaokanyagwa na mguu unaotoka huvunjika sawasawa na ule uliokanyagwa na mguu unaoingia. Moto umezimwa, ndiyo, na aliyeuzima ameuzima kwa ikhlasi. Chuma bado kinachemsha. Kile Juwayni alichokiita hukumu ya maasi, mimi fundi nakiona kuwa ni joto lililobaki, nalo si dhambi mpya wala si utiifu, ni kitu cha tatu ambacho kina mwenyewe, na mwenyewe ni aliyewasha moto.

Makhatibu wengi niliowasikia, wa msikitini na hata wa makanisa ya jirani ambao vipaza sauti vyao hunifikia Jumapili nikiwa kazini, huhubiri toba kama kuzima moto. Acha, jutia, nuia usirudi. Hizo ni sharti tatu, nazo ni za kweli. Vitabu vyetu vinaongeza ya nne kosa linapomgusa mtu: rudisha haki ya mja. Ya nne hutajwa mwishoni, haraka haraka, kana kwamba ni karatasi ya kutia sahihi. Kwa hakika ndiyo peke yake inayochukua muda. Zile tatu zinaweza kutimia kati ya rakaa mbili. Ya nne ina mawe, simenti, mafundi, fedha, mvua, na moyo wa mtu mwingine ambaye hakushiriki katika majuto yako.

Na hapa ndipo ule waya wa pili wa Leicester unaponikaa kichwani. Uchungu wa kosa ndio uliomfanya mteja wangu aache. Uchungu huo hupungua. Ni rehema ya Mungu kwamba hupungua. Mtu akishalia usiku kucha huamka mwepesi, amesamehewa, na ule wepesi wenyewe ndio hatari. Kama urudishaji wake unalishwa na waya ule ule wa majuto, siku majuto yakitulia na pampu nayo itasimama, ua ukiwa bado uko pale pale. Nimewaona watu wa namna hii, nao si wanafiki. Kinachotakiwa ni jambo lililofungwa kwingine: tarehe iliyoandikwa, mashahidi, deni linalodaiwa asubuhi hata kama mdaiwa ameamka na furaha.

Mzee jirani yake ni mteja wangu pia. Namtengenezea pampu ya kisima. Valvu yake ya chini kabisa, ile inayozuia maji yasirudi shimoni, huliwa na chumvi mara kwa mara. Nilimsalimu, “Sopa, mzee wangu,” akanijibu “Ipa,” tukakaa chini ya mgunga, nikamweleza kwamba jirani yake anataka kuja kuzungumza. Hakuonyesha kushangaa. Yeye ni mzee wa kanisa, akanikumbusha habari ya Zakayo mtoza ushuru, ambaye hakusema “nimejuta” akanyamaza, bali alitaja kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa aliowadhulumu. Kisha akanitolea ya kwao. Katika desturi ya Wamaasai, mtu akimwua mwenzake, fidia ya mwanamume ni ng'ombe 49. “Mkuki huruka mara moja,” akasema. “Ng'ombe hawatoki zizini mara moja.”

Watu wa Kajiado, kaunti hii yetu, hawahitaji kufundishwa na mtu wa pwani kwamba tendo la ardhi haliishi kwenye sahihi. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliandikiana mkataba na Wamaasai wakahamishwa kutoka Bonde la Ufa, wakagawanywa katika hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini, kwa ahadi kwamba mpango huo ungedumu muda wote ambao Wamaasai wangekuwapo. Mwaka 1911 mkataba mwingine ukaivunja ahadi hiyo, na wa Laikipia wakasukumwa kusini pamoja na mifugo yao. Walipokwenda mahakamani, kesi yao ikatupwa mwaka 1913. Mahakama ilisema mikataba baina ya dola na Wamaasai si jambo la kuamuliwa na mahakama za kawaida. Kisheria moto ulikuwa umezimwa siku hiyo. Agosti 2004, miaka 100 tangu mkataba wa kwanza, Wamaasai waliandamana kudai ardhi ya Laikipia, na serikali ikawajibu kwa polisi. Naandika haya kwa uzito. Ukifunga njia zote za kutokea joto, hulipunguzi joto. Na ugawaji wa ranchi ya pamoja ya Kitengela mwishoni mwa miaka ya 1980, ambao ndio uliowezesha mimi na wengine wengi kununua viwanja humu, nao una joto lake. Kila ua mpya ni hatua fulani kwa ng'ombe na kwa nyumbu waliokuwa wakitoka Mbuga ya Nairobi kufuata malisho. Sitasema kila aliyenunua amepora, si kweli. Nasema tu kwamba kununua kwa haki hakumwondolei mtu swali la nani anazunguka mbali kwa sababu yake.

Turudi kwa mteja. Kabla ya kwenda kwa mzee, alikuwa ametoa fedha nyingi kujenga mahali pa kutawadhia msikitini. Alinieleza kwa unyenyekevu, akitumaini itahesabiwa. Hili nalo lina asili katika sheria: mtu akiwa na haki ya mwenziwe na mwenyewe amekufa bila warithi wanaojulikana, au hapatikani kabisa, huitoa sadaka kwa niaba yake. Ni rehema kubwa, kwa sababu bila hiyo mwenye kutubu angesukuma ukuta mpaka aungue. Ndiyo ile njia ya kando yenye springi. Lakini binamu yangu aliniambia pia kosa linalofanywa na njia hiyo. Springi ikiwekwa laini mno, hufunguka hata pale valvu za vyumba ziko wazi. Maji hupenda njia fupi. Huzunguka hapo kando kwa raha, pampu inanguruma, boila inaonekana inafanya kazi, na rejeta za vyumbani ni baridi. Misikiti na makanisa mengi katika nchi hii yamejengwa kwa springi laini. Mzee hajafa wala hajapotea. Yuko nyuma ya ua, na namba yake ya simu iko kwenye simu yangu.

Wakakutana. Sikuwa na neno la kusema, nilikwenda kwa sababu mnara nitauhamisha mimi. Kitabu cha Minhaji cha Imamu Nawawi, ambacho pwani tunakisomea sheria ya Kishafi, kiko wazi juu ya aliyepora ardhi akajenga: atabomoa, ataisawazisha ardhi, atalipa upungufu, na atalipa ujira wa mfano kwa muda wote alioikalia, yaani kodi ambayo ardhi kama hiyo ingelipiwa. Mteja wangu alikuja amepiga hesabu ya miaka yote iliyopita na kuibeba kwenye bahasha. Waya wa ua upande wa mapito ulikatwa siku ile ile kabla ya chai, kwa sababu hilo halikuhitaji fundi wala simenti.

Mzee aliichukua bahasha, akaipima mkononi, akairudisha. “Ya nyuma nimekusamehe,” akasema. “Ya mbele, kila mwezi mpaka mnara utoke, utanilipa.” Akamtuma mjukuu alete daftari, wakaandika kiasi na tarehe, nikatia sahihi kama shahidi.

Nilipokuwa nikirudi mjini kwa bodaboda nililigeuza jambo hili kichwani, kwa sababu mzee alikuwa amefanya kinyume cha vitabu vyangu vyote. Miaka ya nyuma ndiyo iliyokuwa dhambi tupu, bila kivuli cha shaka, kwa Abu Hashim, kwa Juwayni, kwa Ghazali. Miezi ya mbele, kwa kauli ya Ghazali ambayo mimi mwenyewe nimeifuata, ni utiifu. Mzee alisamehe dhambi akatoza utiifu. Ghazali hangeona tatizo: mwenye njaa hulipa alichokula kwa halali. Juwayni angetikisa kichwa kuafiki kwa sababu nyingine. Lakini wote wawili walijadili nini anachodaiwa mtu huyu, na mzee alikuwa akiuliza nini kitakachomfanya amalize kutoka. Ya nyuma yalikuwa yameshakuwa. Fedha isingewarudishia ng'ombe wake hatua moja waliyozunguka. Ya mbele bado yako mikononi mwa mtu ambaye asubuhi ile alikuwa mwepesi, amekumbatiwa, amesamehewa, na ambaye huenda angelala vizuri mno. Mzee alimpa waya wa pili.

Mnara mpya umekwisha kusimama upande wa pili wa nyumba, na busta nitaihamisha mwezi huu. Shimo la choo litangoja Januari, mvua za vuli zikiisha, kwa kuwa udongo mweusi wa huku haukubali kuchimbwa ukiwa umelowa, na kwa Januari hiyo pia atalipa.